Vyumba Vitatu kwa Mstari Mmoja

Katika mtaa wa Smoketown, hatua chache kutoka katikati ya jiji la Louisville, jimboni Kentucky, zimesimama nyumba ambazo upana wake haufiki hata nusu ya urefu wake. Mbele kuna kibaraza, mlango mmoja na dirisha moja. Ukiingia umeshafika sebuleni. Ukivuka sebule umo chumbani, ukivuka chumba umo jikoni, na ukivuka jiko umetokea uani. Korido hakuna. Aliyelala chumba cha kati hawezi kumzuia ndugu yake kumpita kitandani kila anapotoka jikoni kwenda barabarani. Wamarekani huiita nyumba hii shotgun, na ukiiacha New Orleans, ni miji michache nchini Marekani iliyobaki nazo kwa wingi kama Louisville.

Msomaji wa Dar es Salaam atailinganisha upesi na nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni, yenye korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani nyuma. Zinafanana kwa kibaraza na kwa uani tu, maana nyumba ya Kiswahili humpa kila mpangaji mlango wake koridoni, na ile ya Louisville humpitisha kila mtu katika chumba cha mwenzake. Aliye karibu nayo zaidi ni Mswahili wa Lamu. Katika nyumba za mawe za Lamu unaingia kwa daka, unafika kiwanda, kisha msana mmoja, msana wa pili, na mwisho ndani, chumba cha siri kuliko vyote. Huko pia safu moja humfungulia mtu safu inayofuata, na kadiri unavyosonga ndivyo unavyowakaribia wenye nyumba. Upana wa kila safu uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, karibu mita tatu hivi. Mwashi wa Lamu na fundi wa Louisville hawakujuana, lakini wote wawili walijenga wakiwa na kipimo kichwani kabla ya kuchimba msingi.

Kipimo cha nyumba ya Louisville kilitoka mbali, na kilipitia kwenye koloni.

Mwaka 1975 kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Indiana, John Michael Vlach, aliandika tasnifu ya udaktari juu ya nyumba hizi. Hadi wakati huo wasomi wengi walizichukulia kama vibanda vya maskini visivyo na asili wala fundi wa kutajwa. Vlach alipima nyumba za Louisiana, akavuka bahari akapima za Haiti, kisha akazilinganisha na nyumba za Wayoruba wa Afrika Magharibi, ambako kipimo cha kawaida ni chumba cha kama futi 10 kwa 10, viwili vikiwa vimeunganishwa. Alikuta vipimo vinakaribiana sana. Kwa maelezo yake, Waafrika waliopelekwa utumwani katika koloni la Wafaransa la Saint-Domingue walikuta kisiwani nyumba za Waarawaki, wenyeji waliokuwa wamekwisha kuangamizwa, zenye mlango upande mfupi na kipaa mbele. Wakazipa vipimo vya kwao, wakazijenga kwa ufundi wa mbao na lipu waliolazimishwa kujifunza kwa mabwana wa Kifaransa. Nyumba ndogo ya koloni ikazaliwa kwa mikono ya watu wasiomiliki hata miili yao wenyewe.

Kisha yakaja mapinduzi. Watumwa wa Saint-Domingue waliinuka Agosti 1791, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza taifa la Haiti. Wengi waliokimbia walihamia Cuba, na huko nako wakafukuzwa mwaka 1809, baada ya Napoleon kuivamia Hispania. Kati ya Mei 1809 na Januari 1810 walishuka New Orleans watu 9,059: wazungu 2,731, watu weusi na machotara walio huru 3,102, na watumwa 3,226. Idadi ya watu mjini ikakaribia kuongezeka maradufu katika miezi michache. Miongoni mwa hao watu huru walikuwamo maseremala na waashi, na viwanja vya New Orleans vilikuwa vyembamba, virefu, vimebanana. Nyumba waliyoijua iliingia humo bila kubadilishwa sana.

Wapo wataalamu wasiokubali kila hatua ya njia hiyo. Wanasema kiwanja chembamba peke yake kinatosha kumfundisha fundi kupanga vyumba kwa mstari, popote alipo. Ni hoja nzito. Lakini haielezi vipimo, na haielezi kwa nini nyumba hii ilionekana mapema zaidi mahali palepale waliposhuka watu wa Haiti. Kwa mwandishi wa makala haya ushahidi wa Vlach bado una nguvu, na inasikitisha kwamba katika vitabu vyetu vya historia ya Waafrika waliovukishwa bahari husomwa habari za nyimbo na ngoma zao, mara chache sana habari za nyumba zao.

Kutoka New Orleans hadi Louisville ni safari ya mito miwili, Mississippi kisha Ohio. Louisville yenyewe ilianzishwa mwaka 1778, vita vya uhuru wa Marekani vikiendelea, na George Rogers Clark aliyefika na askari na familia chache. Ikapewa jina la mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliyewasaidia Wamarekani dhidi ya Waingereza. Mji ulikaa pale kwa sababu mto una maporomoko. Kabla ya mfereji kufunguliwa mwaka 1830, vyombo vingi vililazimika kushusha mizigo hapo, ikabebwa kwa nchi kavu, ikapakiwa tena ng'ambo ya maporomoko. Oktoba 1811 ilitia nanga meli ya kwanza ya mvuke ya mito hiyo, ikielekea kusini, nayo iliitwa New Orleans. Tangu hapo mabaharia, wachuuzi, maseremala na watumwa walipanda na kushuka mtoni, na namna za kujenga zilisafiri pamoja nao.

Louisville iliipokea nyumba hii kwa namna yake. Wajerumani waliojazana Butchertown, mtaa wa machinjio, waliijenga kwa matofali ya kuchoma na kuipamba uso kwa nakshi za Kiitaliano juu ya dirisha. Wengine waliiongezea ghorofa upande wa nyuma tu, mbele ikabaki ya chini. Umbo hilo likaitwa nundu ya ngamia, na bado linaonekana mitaani. Katika mtaa huohuo wa Butchertown, kwenye barabara ya East Washington, ipo nyumba iliyojengwa karibu mwaka 1850, shotgun mbili zilizoshikana ukuta. Inatunzwa kama makumbusho kwa sababu ya mpangaji mmoja. Mwaka 1866 kijana wa miaka 19, Thomas Edison, alikuja Louisville kupokea simu za maandishi katika kampuni ya Western Union, akapanga chumba huko. Mwaka uliofuata alifukuzwa kazi: majaribio yake ya usiku yalimwaga asidi, ikapenya sakafu hadi kwenye meza ya mkubwa wake ghorofa ya chini.

Wakati Edison akipanga Butchertown, Smoketown ilikuwa inajazwa na watu waliotoka utumwani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1865, na maelfu ya Waafrika wa Kentucky walihama mashambani kuja mjini. Smoketown palikuwa na matanuri ya matofali, palikuwa na kazi, na palikuwa na viwanja vya kupanga kwa bei ya chini. Wengi walikodi ardhi na kujijengea juu yake, hivyo nyumba ikawa yao na kiwanja kikabaki cha mwingine. Ilikuwa milki ya mashaka, lakini kwa mtu ambaye mwaka uliotangulia aliweza kuuzwa, funguo za vyumba vitatu zilikuwa jambo kubwa. Smoketown ndio mtaa pekee wa Louisville ambao Waafrika Wamarekani wameukalia bila kukatika tangu siku hizo.

Sheria haikuwapenda kwa hilo. Mwaka 1914 baraza la jiji lilipitisha sheria ya kumkataza mtu mweusi kuhamia nyumba iliyo katika barabara yenye wazungu wengi, na mzungu vilevile kwa upande wake. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilipanga kesi kwa akili sana: mwanachama wake William Warley, mtu mweusi, alikubali kununua kiwanja cha Charles Buchanan, mzungu, kwa sharti kwamba asilipe iwapo sheria itamzuia kuishi pale. Buchanan akashtaki alipwe. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 5 Novemba 1917 majaji wote kwa sauti moja waliifuta sheria ya Louisville. Walitetea haki ya mwenye mali kuuza mali yake, zaidi kuliko haki ya mtu mweusi kuishi atakako, lakini lango lilifunguka.

Lilifunguka kwenye karatasi. Mwaka 1954 fundi umeme Andrew Wade, mweusi aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia, alitafuta nyumba ndogo ya kisasa kwa ajili ya mkewe Charlotte na binti yao. Hakuna aliyekubali kumuuzia. Marafiki wazungu, Carl na Anne Braden, wakanunua nyumba Shively, pembeni mwa jiji, kisha wakamhamishia. Msalaba ukachomwa moto, risasi zikapigwa madirishani, na usiku wa tarehe 27 Juni bomu likalipuka chini ya chumba cha mtoto. Kwa bahati hakuwamo. Aliyepelekwa gerezani ni Carl Braden, kwa kosa la uchochezi. Hukumu yake ilitenguliwa baadaye.

Miezi michache baada ya bomu hilo, mtoto wa miaka 12 wa upande wa magharibi wa jiji aliibiwa baiskeli yake, akaenda kulalamika kwa polisi aliyekuwa pia mwalimu wa ndondi. Nyumba yao ya Grand Avenue ilikuwa ya chini, ya vyumba viwili vya kulala. Baba yake, mchoraji wa mabango, aliitunza na kuipaka rangi. Mtoto huyo, Cassius Clay, alifanya mazoezi pia Smoketown kwa mwalimu mweusi Fred Stoner. Watu wa Kinshasa walimpokea mwaka 1974 kwa jina la Muhammad Ali, na wa Dar es Salaam na Nairobi walimwona mwaka 1980 alipotumwa na Rais Carter kushawishi nchi zisiende Olimpiki ya Moscow. Nyumba yake ya utotoni ilikarabatiwa, ikapakwa rangi ya waridi kama zamani, ikafunguliwa kama makumbusho Mei 2016, wiki chache kabla ya kifo chake. Makumbusho hayo hayakudumu. Fedha zilipungua yakafungwa. Ikiwa nyumba ya mtu aliyejulikana dunia nzima iliyumba hivyo, nyumba isiyo na jina ya Smoketown inategemea nini?

Jibu mojawapo lipo Columbus, mji mkuu wa Ohio, kaskazini-mashariki mwa Louisville. Kabla ya Columbus yenyewe kulikuwa na Franklinton, iliyopimwa na Lucas Sullivant mwaka 1797 ng'ambo ya mto Scioto, na huko bado ipo nyumba ya magogo ya David Deardurff iliyojengwa mwaka 1807, miaka mitano kabla jiji halijaanzishwa. Lakini nyumba ndogo zilizoipa Columbus sifa ni za Wajerumani. Kuanzia miaka ya 1830 walikaa kusini mwa katikati ya mji, karibu na viwanda vyao vya bia, wakajenga nyumba za matofali mekundu za ghorofa moja au moja na nusu: msingi wa mawe ya chokaa, paa la mteremko mkali lililoezekwa vigae vya mawe, mlango hatua moja kutoka njia ya miguu, na bustani imefichwa nyuma. Ardhi ilikuwa haba na kazini walikwenda kwa miguu, basi kila inchi ya kiwanja ilitumika.

Vita Kuu ya Kwanza iliwageuzia kibao. Mwaka 1918 vitabu vya Kijerumani vilichomwa hadharani, na barabara zikabadilishwa majina: ya Kaiser ikawa Lear, ya Bismarck ikawa Lansing. Mkazi wa Mwanza anayepita kila siku mbele ya Jiwe la Bismarck ziwani atashangaa kwamba watu wa Columbus walilifuta jina hilo kwa mpigo mmoja, na sisi tuliotawaliwa na serikali ya bwana huyo tumeliacha mpaka leo. Baadaye ilikuja marufuku ya pombe, viwanda vya bia vikafungwa, matajiri wakahama. Katika miaka ya 1950 jiji liliuita mtaa huo makazi duni, na karibu theluthi yake ikabomolewa.

Aliyeuokoa uliobaki alikuwa mfanyakazi wa jiji hilohilo. Frank Fetch alinunua nyumba kuukuu mwaka 1949, akaikarabati, akawashawishi majirani wafanye vivyo hivyo. Mwaka 1960 wakaunda chama cha German Village. Muda mfupi baadaye jiji likaweka kamati yenye nguvu za kisheria: hakuna anayebadilisha dirisha, paa wala ukuta wa nje bila kibali. Mwaka 1974 mtaa ukaingia katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Nyumba zimepona, zinapendeza kweli, na zimekuwa ghali kiasi kwamba kibarua wa kiwanda cha bia aliyezijengewa asingemudu hata kodi ya mwezi mmoja. Ndiyo maana wageni wapya wa Columbus, Wasomali waliofika kwa makumi ya maelfu tangu miaka ya 1990, hawakuanzia huko. Walianzia kwenye majengo ya kupanga upande wa kaskazini, kando ya Cleveland Avenue na Morse Road. Wamo pia Wabantu wa Somalia waliohamishwa kutoka kambi za Dadaab na Kakuma tangu mwaka 2003. Baadhi yao ni wajukuu wa Wazigua waliopelekwa utumwani kwenye mto Juba katika karne ya 19, na wazee wao bado wanaongea Kizigua, na Kiswahili cha kambini juu yake.

Buffalo, jimboni New York, kaskazini kabisa, kwenye ncha ya ziwa Erie, ina habari tofauti. Waingereza waliuchoma mji huo tarehe 30 Desemba 1813, wakaacha karibu hakuna kitu, kwa hiyo nyumba ya zamani za ukoloni hata ukiitafuta huioni. Mfereji wa Erie ulipokamilika mwaka 1825, ngano ya bara ilipita hapo kwenda New York, na mwaka 1842 Joseph Dart alisimamisha ghala la kwanza la kuinua nafaka kwa mvuke. Kazi ikawavuta Wajerumani, Waayalandi, kisha Wapolandi, ambao mwaka 1873 walianzisha parokia ya Mtakatifu Stanislaus upande wa mashariki. Kuizunguka zilimea nyumba za mbao za vyumba viwili au vitatu, kwenye viwanja vya upana wa futi kama 30.

Zilikua kwa namna yake. Familia ilinunua kijumba cha mbele. Akizaliwa mtoto mwingine, au akifika binamu kutoka Ulaya, fundi aliunga kipande nyuma, chembamba kidogo na kifupi kidogo kuliko cha kwanza. Mwaka ukiwa mzuri kiliungwa kingine, hadi nyumba ikafika mwisho wa kiwanja, mapaa yakishuka moja baada ya jingine kama darubini iliyovutwa. Ukisimama ubavuni unaweza kuhesabu vipindi vya neema vya ukoo mzima. Mtu aliyejenga Mbagala au Kayole, akianza na chumba na sebule na kuongeza kadiri mshahara unavyoruhusu, angemwelewa Mpolandi huyo bila mkalimani.

Kisha kazi ikaondoka. Njia ya maji ya Mtakatifu Lawrence ilifunguliwa mwaka 1959, meli zikaacha kupitia Buffalo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha chuma cha Bethlehem huko Lackawanna kilizima sehemu kubwa ya shughuli zake. Watu weusi waliohamia kutoka kusini ndio walioachwa na mitaa ya mashariki, baada ya barabara kuu ya Kensington kuchimbwa katikati yake. Mwaka 1950 jiji lilikuwa na watu 580,132. Mwaka 2010 walibaki 261,310. Nyumba zilibaki tupu kwa maelfu, na mwaka 2007 meya Byron Brown alitangaza mpango wa kubomoa 5,000 katika miaka mitano. Ubomoaji haukukosa sababu, maana nyumba tupu huwaka moto na huficha wahalifu. Lakini nyumba za darubini zilizokwenda na matingatinga hayo hakuna tena atakayezijenga.

Zilizobaki zimepata watu. Wabangladeshi waliochoshwa na kodi za jiji la New York walinunua nyumba za mashariki minadani, na baadhi ya makanisa ya Wapolandi sasa ni misikiti. Upande wa magharibi, kuzunguka Grant Street, walikuja Waburma, Wasomali, Warundi na Wakongo. Kwa wengi wa hao wawili wa mwisho njia ilipita Tanzania. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walianza kupelekwa Marekani mwaka 2007, zaidi ya 8,000 kati yao, na wengi walikuwa wameishi ukimbizini miaka 35. Wakongo walifuata kwa wingi zaidi kuanzia mwaka 2013, baadhi yao wakitoka Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, ambako nyumba ni ya udongo na mtu huzaliwa, huoa na huzaa bila kumiliki msingi wake. Huko Louisville nako walifika wengi, na leo shule za Louisville na za Buffalo hutoa matangazo kwa wazazi kwa Kiswahili.

Mgeni anayefika Buffalo mara nyingi hukabidhiwa nyumba ya mbao ya familia mbili, moja chini na moja juu, yenye umri wa miaka 100 na zaidi. Hapo kuna hatari isiyoonekana. Rangi yenye madini ya risasi haikupigwa marufuku majumbani nchini humo hadi mwaka 1978, na katika nyumba kongwe imo tabaka juu ya tabaka. Ikibanduka dirishani mtoto huigusa, akatia kidole mdomoni, na madini hayo huharibu ubongo unaokua. Mwaka 2020 baraza la jiji lilipitisha sheria ya kukagua nyumba za kupanga za familia moja au mbili bila kungoja malalamiko. Mpangaji ana haki ya kudai ukaguzi huo, na anayetafsiriwa jambo hilo kwa Kiswahili ana nafasi ya kulitumia.

Na wapo wanaovuka kutoka kupanga hadi kununua. Nyumba ya familia mbili humfaa sana mtu wa kipato kidogo: mwenye nyumba hukaa chini, hupangisha juu, na kodi ya mpangaji husaidia kulipa mkopo wa benki. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta Buffalo ina wakazi 278,349, mara ya kwanza kuongezeka tangu mwaka 1950, na sehemu ya ongezeko hilo ni wahamiaji na wakimbizi waliojaza vyumba ambavyo miaka michache nyuma vilikuwa kwenye orodha ya kubomolewa.